Kushuka Mlima Kitonga kwa Pikipiki

Vijana wengi wa Temeke na Kinondoni hutamani kwenda Iringa kwa pikipiki. Hatuwazuii, kwani sisi wenyewe tumekwenda. Toka Dar es Salaam hata Morogoro mtu hajui bado tabia ya pikipiki yake. Kitonga ndiko atakakoijua.

Kupanda si taabu kubwa. Kadiri tupandavyo hewa huwa nyepesi, mashine hupungua nguvu, basi twafuata malori polepole. Taabu ni kurudi. Mwenzetu mmoja, kwa kuionea petroli uchungu, aliitoa gia akashuka kwa breki peke yake. Lakini breki ikishikwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto haishiki tena. Alitupita akipiga kelele, na mbele yake lori lapanda. Akajitupa upande wa mlima, si wa bonde, akavunjika mkono. Petroli aliyoiokoa haikufikia bei ya soda.

Tangu siku ile twashuka kwa gia ndogo, na breki twaigusa na kuiacha. Nao watuulizao habari za njia ya Chimala kwenda Matamba, iitwayo Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake, twawajibu: kwanza tuwaone mkishuka Kitonga.