Runinga Haimjibu Mtoto

Malalamiko kwamba katuni za kigeni zinawaharibia wanafunzi Kiingereza husikika katika vyumba vya walimu kila insha zinaposahihishwa. Mtoto huandika “gonna” na “wanna” pasipo haya, na akisema huviringisha ulimi mithili ya mzaliwa wa Chicago. Waama, hilo ni kosa dogo. Kalamu nyekundu yatosha kulirekebisha. Lililo zito ni kwamba mtoto huyo huyo, aliyeshinda akiimba nyimbo za Kiingereza mbele ya runinga au simu ya mamake, hushindwa kueleza kwa lugha hiyo ni kwa nini amechelewa shuleni.

Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu watoto wachanga wa Kimarekani wenye umri wa miezi tisa. Baadhi yao walichezeshwa na kusomewa vitabu kwa Kichina na watu walioketi nao, katika vipindi 12. Wengine waliwatazama watu hao hao kwenye skrini. Wale wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wale wa skrini hawakuambulia kitu. Wanafunzi wetu si wachanga, naam, lakini hata wao huijua lugha kwa kujibiwa wanapoisema.

Hata hivyo, tusiharakishe kuihukumu mitambo. Nchini Uholanzi, filamu za Kiingereza huonyeshwa kwa sauti yake asilia huku tafsiri ya Kiholanzi ikiandikwa chini ya picha. Koolstra na Beentjes walionyesha mwaka 1999 kwamba wanafunzi wa shule za msingi huokota maneno ya Kiingereza kwa njia hiyo. Lakini mtoto wa Uholanzi hupewa maana kwa lugha aijuayo. Mwenzake wa Lodwar, atazamaye katuni isiyo na maandishi ya Kiswahili wala ya Kiturkana, huachiwa picha tu, mengine ajifumbulie.

Nasi Kenya tuna mfano wetu, ambao ni wachache wanaoukumbuka. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya themanini, uliendeshwa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu. Kipindi kilichukua nusu saa. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza. Darasa zima likajibu kwa pamoja, ndipo ikaendelea. Wanafunzi hao waliwapita wenzao katika majaribio ya kusikiliza na kusoma. Chombo kilikuwa duni kuliko vyote tulivyo navyo leo, ila waliokitayarishia vipindi walijua thamani ya kunyamaza.

Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kupeleka tabuleti katika shule za msingi za umma, mjadala umekuwa juu ya idadi ya mashine na uhaba wa umeme. Ni nani aliyeuliza kama masomo yaliyomo yanamwachia mtoto nafasi ya kujibu?