Ziwa la Pwani la Negombo

Negombo ni mji wa wavuvi katika pwani ya magharibi ya Sri Lanka, kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya Colombo. Kando ya mji lipo ziwa la maji ya chumvi la hektari zipatazo 3,200, ambalo ulimi wa mchanga unalikinga na mawimbi. Linaungana na Bahari ya Hindi kwa mlango mwembamba upande wa kaskazini; kusini linapokea maji ya mito. Kina chake ni kidogo, na kingo zake zina mikoko.

Chombo cha asili huko ni oruwa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akikiona hukumbuka ngalawa, ila ngalawa ina matengo pande zote mbili na oruwa ina tengo moja tu. Mwili wake ni gogo lililochongwa, na juu yake mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu. Tengo lazima likae siku zote upande utokako upepo. Kwa hiyo mabaharia hawapindui chombo. Huhamisha tanga, tezi ikawa omo na omo ikawa tezi. Ni ustadi mkubwa, na haupatikani ila kwa kulelewa chomboni.

Kusi ikivuma, yapata Mei hadi Septemba, bahari huchafuka na ziwa huwa tegemeo. Wavuvi husimika matawi ya mikoko majini, samaki wakaja kujificha humo. Baada ya muda huzungushiwa wavu na matawi yakaondolewa. Mlangoni, usiku, nyavu za nguzo hunasa kambamiti wanaotoka na maji yakipwa. Sehemu hizo si za kila ajaye: zimo mikononi mwa vyama vinne vya wavuvi, na hugawanywa kwa zamu. Utaratibu huo umewaepusha na ugomvi mwingi.

Wareno waliacha huko Ukatoliki, dini ya wavuvi wengi hadi leo. Waholanzi walifuata mdalasini. Lango la ngome yao lina mwaka 1678, na ndani yake sasa ni gereza. Karibu na hapo ni soko la samaki, na ufukweni ng'onda huanikwa juu ya mikeka.

Boti za faiba zenye injini zimeshika sehemu kubwa ya kazi. Anayetaka kuona oruwa zikitweka matanga asikawie.