Fahali wa Oyama na ukweli wa karate ya kyokushin

Muhula uliopita, nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu, nilikumbana na moja iliyonifanya niiweke kalamu chini. Mada ilikuwa 'Shujaa Ninayemuenzi'. Wengine waliandika kuhusu wapigania uhuru, mama zao na wanariadha wetu. Mvulana huyu alimwandika Mjapani aliyeua fahali kwa konde moja, akaishi mlimani peke yake, na kuwashinda watu 300 kwa siku tatu. Hati yake ilipinda kama njia ya mbuzi, kwani aliandika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji. Alikuwa amejaribu kuvunja tofali la ujenzi nyuma ya bweni, akimwiga shujaa wake.

Kiswahili chake kilikuwa safi. Lililonitatiza ni kwamba sikujua nimsahihishe wapi: je, mtu huyo hakuwapo? Alikuwapo. Je, ni uongo mtupu? Hapana. Isitoshe, mimi mwenyewe si hakimu asiye na upande. Nilipokuwa chuoni nilifanya mazoezi ya mchezo huo kwa miaka miwili katika ukumbi wa kukodi, na hadi leo ubavu wangu wa kushoto hunikumbusha kila baridi ya Julai ikiingia.

Mtu huyo ni Masutatsu Oyama, na mchezo wake unaitwa kyokushin. Neno hilo la Kijapani lina maana ya ukweli wa mwisho, yaani ule usio na mwingine mbele yake. Ni aina ya karate. Karate yenyewe ilitoka katika visiwa vya Okinawa, ikaanza kujulikana Japani bara baada ya Gichin Funakoshi kuionyesha jijini Tokyo mwaka wa 1922. Ilipoenea na kuwa mchezo wa mashindano, mpiganaji alitakiwa alizuie pigo lake kabla halijamfikia mwenzake kwa nguvu zote. Waamuzi wakatazama na kukisia kama lingemwangusha ama la. Karate nyingi zingali hivyo, na ile tuliyoiona katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021 ilikuwa ya ukoo huo.

Oyama hakulipenda neno 'lingemwangusha'. Walimu wenzangu wa sarufi watanielewa nikisema kwamba alichukia kiambishi -nge- na kutaka -me-. Kwake pigo ama limemwangusha mtu, au halikumwangusha.

Basi katika kyokushin wapiganaji husimama miguu mitupu, bila glavu. Ngumi hupigwa kifuani na tumboni pasipo kuzuiwa. Teke huweza kupiga paja, mbavu, hata kichwa. Anayeangushwa kwa pigo halali asiweze kuinuka na kuendelea katika sekunde 3, ameshindwa. Wakitoshana nguvu huongezewa muda. Wakizidi kutoshana, kwa desturi ya mashindano yasiyogawanya wapiganaji kwa uzani, hupandishwa mizanini na aliye mwepesi kwa kiasi kikubwa akapewa ushindi. Na mizani isipoamua, huhesabiwa mbao ambazo kila mmoja amevunja. Mashindano ya kwanza ya Japani nzima kwa kanuni za namna hiyo yalifanyika mwaka wa 1969, Terutomo Yamazaki akashinda. Yale ya dunia yalianza mwaka wa 1975, mshindi akiwa Katsuaki Sato.

Anayeyatazama mateke ya kichwani hudhani kwamba hayo ndiyo ya kuogopwa. Mimi niliyeyaonja namwambia aogope teke la paja. La kwanza huwasha tu. La tano huufanya mguu uwe wa mtu mwingine. Kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume, ukijisingizia kwa wenzako kwamba umeteleza bafuni. Lakini ni kweli pia kwamba baada ya miezi kadhaa ya adha hiyo nilijua jambo moja ambalo vitabu havikuwa vimenifunza: kwamba maumivu yana kipimo, na kwamba mtu anaweza kuumia na akaendelea kufikiri. Sijalijutia somo hilo.

Sasa turudi kwa fahali. Oyama mwenyewe alisimulia kwamba alipambana na mafahali wapatao 50 na kuwaua watatu. Ipo filamu ya miaka ya 1950 inayomwonyesha aking'ang'ana na mnyama na kumshika pembe. Wapo walioshuhudia mambo ya wakati ule na kudai kwamba mnyama yule alikuwa mpole wa kufugwa. Kuhusu watu 300 kwa siku tatu, hilo halina ushahidi zaidi ya masimulizi ya chama chake. Hata hivyo jaribio la kupigana na watu 100 mfululizo, kila mmoja kwa dakika moja na nusu au mbili, limefanywa mbele ya macho ya watu. Mwaka wa 1965 lilikamilishwa na Steve Arneil, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia katika nchi ambayo leo ni Zambia. Akiyoshi Matsui alilikamilisha mwaka wa 1986, na Mbrazili Francisco Filho mwaka wa 1995. Miaka minne baadaye, Filho akawa mtu wa kwanza asiye Mjapani kutwaa ubingwa wa dunia katika mashindano hayo.

Mimi huona ajabu kwamba mwanafunzi wangu aliyajua yote ya fahali lakini hakujua kwamba 'Mjapani' huyo alizaliwa Mkorea. Jina lake la kwanza lilikuwa Choi Yeong-eui. Alizaliwa mwaka wa 1923, nchi yake ikiwa koloni la Japani, akaenda Japani akiwa kijana. Huko alisoma kwa Funakoshi, kisha kwa Mkorea mwenzake, So Nei Chu. Alipanda milima kujifunza upwekeni, akarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa anafundishia uwanjani Mejiro, Tokyo. Mwaka wa 1964 ndipo alipofungua makao makuu yake. Vibonzo vilivyoanza kuchapishwa mwaka wa 1971 vilimkuza hadi akawa shujaa wa vijana wa Japani nzima, na wengi wao hawakujua asili yake. Mtoto wa waliotawaliwa aliyesimama katikati ya jiji la waliotawala akadai kuwafunza ukweli wa mwisho! Kwangu mimi hicho ni kisa kikubwa kuliko pembe za fahali yeyote, nacho hakikuhitaji kutiwa chumvi.

Ukweli huo wa mwisho nao una mpaka wake. Katika mashindano ya kyokushin, ngumi ya usoni imekatazwa. Sababu inaeleweka, maana ngumi tupu ingewamaliza vijana meno kabla ya duru ya pili. Lakini matokeo yake ni kwamba wapiganaji huzoea kusimama kifua kwa kifua, mikono chini, kama kwamba duniani hakuna mtu angepiga pua. Takashi Azuma, bingwa wa Japani mwaka wa 1977, aliliona pengo hilo. Mwaka wa 1981 alianzisha shule yake ya Daido Juku, akawavika wanafunzi kinga za kichwa ili ngumi ya usoni iruhusiwe.

Oyama alifariki tarehe 26 Aprili 1994 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 70. Matsui alitajwa kuwa mrithi, wosia ukabishaniwa mahakamani, na chama kikapasuka vipande ambavyo vingali vinajiita kyokushin, kila kimoja kikiamini ndicho chenye mzee.

Nilimwita mvulana yule ofisini. Nilimweleza kwamba mbao za mashindano ni za mti laini uliokauka, hukatwa kwa kufuata nyuzi zake na kushikiliwa kingoni, na kwamba tofali la ujenzi halikualikwa katika mchezo huo. Nikampa alama 14 kwa 20, na kumwomba aiandike upya aya ya fahali, aanze na neno 'inasimuliwa', kisha aongeze aya ya Korea.

Alisoma maoni yangu, akakunja karatasi kwa mkono wake mzima.

"Mwalimu, wewe uliwahi kuvunja mbao ngapi?"

"Moja," nikamwambia. "Tena nyembamba. Tena kwa jaribio la tatu."