Mtoto wa Pwani akiitwa chuo Homa Bay

Dadangu alinipigia simu baada ya magharibi, sauti imemshuka. Mwanawe ameangalia nafasi za KUCCPS na kuona ameitwa Chuo Kikuu cha Tom Mboya. "Kaka, Homa Bay ni wapi huko? Kuna Waislamu? Atasema lugha gani na watu?" Moyoni alikuwa keshaamua: kijana abaki Mombasa, akae na babake dukani mwaka mmoja, kisha wajaribu bahati ya karibu.

Nimeona nafasi zikiachwa namna hii mitaani kwetu, mtoto ana alama lakini mzazi ana hofu. Kwa hivyo wacha nieleze ninachokijua kuhusu masomo ya kaunti hizi mbili za kando ya ziwa, Homa Bay na Migori.

Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko mjini Homa Bay. Kilianza mwaka 2016 kama tawi la Maseno, na hati yake kamili kikapewa 2022. Jina ni la yule waziri aliyeuawa 1969, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, kaunti hiyo hiyo. Ukishuka upande wa Migori kuna Chuo Kikuu cha Rongo, kilichokuwa chini ya Moi hadi kilipopata hati yake 2016. Kufika Rongo unashika barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, basi la usiku kutoka Nairobi linakufikisha asubuhi.

Shahada inataka C+. Aliyepata C- asikate tamaa, hiyo ni alama ya stashahada nyingi (mimi mwenyewe ni mtu wa diploma na sijalala njaa). Kuna vyuo vya walimu Asumbi na Migori, kuna KMTC kwa wanaotaka uuguzi na mambo ya hospitali, na Mawego kuna chuo cha ufundi.

Hapa wengi hukosea: kuitwa chuo si kulipiwa. Maombi ya ufadhili na mkopo wa HELB ni kazi nyingine, na mtoto lazima aijaze mwenyewe mapema. Na kama kweli hamtaki chuo mlichopewa, KUCCPS hufungua dirisha la kuhama. Tumieni dirisha hilo kwanza. Kukaa nyumbani mwaka mzima mkisubiri si mpango.

Sasa lugha. Darasani chuoni ni Kiingereza, kama kwengine kote. Nje ya geti ni Kijaluo, wenyewe huita Dholuo, na hii si lugha ya Kibantu. Usitafute ngeli wala "m-wa". Mtu wa Pwani anaanza sufuri: *oyawore* asubuhi, *ero kamano* ukishukuru. Kiswahili kinaeleweka sokoni na kwenye matatu, ila ukimsalimu mama wa samaki kwa lugha yake, atakuuliza ulikotoka na bei huenda ikalegea. Upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Isebania, mambo ni mepesi zaidi, maana Kikuria ni ndugu wa Kiswahili. Hata jina lao Abakuria linakueleza hivyo.

Kwa askari, mwalimu au mfanyabiashara anayehamia huko na watoto wadogo, ajue jambo moja. Sera ya Kenya inataka gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo. Mijini penye mchanganyiko mara nyingi inakuwa Kiswahili, lakini kijijini Ndhiwa au Uriri ni Dholuo. Mtoto wako wa miaka sita atakaa kimya darasani miezi ya mwanzo. Usimwite mjinga. Muulize mwalimu mapema, au utafute shule ya mjini.

Sera hiyo ina upande wake wa uchungu. Visiwani Rusinga na Mfangano lugha ya asili ni Kisuba. Watu walioleana na Wajaluo, kanisa na shule zikatumia Dholuo, na leo Kisuba kimo hatarini kupotea. Mimi niliposoma habari hiyo nilifikiria Kibajuni.

Na kuhusu Kiswahili tusijidanganye. Tunacheka Mjaluo akisema "samba" badala ya "shamba", lakini KCSE haipimi lafudhi. Inapima insha, lugha na fasihi, karatasi tatu. Mtoto wetu anaandika "kitwa" na "mato" kama anavyomsikia nyanyake, kisha hafungui kitabu kwa sababu "Kiswahili ni chetu". Yule wa Rapogi au Agoro Sare amekisoma ngeli kwa ngeli kama mgeni. Sijui tumlaumu nani hapo.

Dini? Waislamu wapo. Kendu Bay ni bandari ndogo ya zamani yenye msikiti mkongwe, na hata kuna shule iitwayo Kendu Muslim. Wachache, lakini wapo. Chuo kikuu hakina sare, msichana avae hijabu yake. Sekondari za bweni ndizo za kuulizia, kwa kuwa nyingi zilianzishwa na makanisa. Mahakama ya Upeo mwaka 2019, kwenye kesi ya shule ya Isiolo, ilitengua hukumu ya rufaa iliyoruhusu hijabu. Kwa hivyo ulizeni kuhusu hijabu, swala na futari kabla ya kulipa karo, na jibu liwe kwa maandishi.

Mpwa wangu alikwenda. Wiki ya kwanza alilalamikia chakula, samaki kila siku na nazi hakuna. Dadangu akamtumia tui la pakiti kwa basi.