Papa Wavunja Makombe wa Bahari za Kale, na Shida ya Kuwapa Jina

Wavuvi wa pwani yetu hawachanganyi papa na taa. Papa ana mwili mrefu, naye hukata maji kwa mkia. Taa ni bapa, hupenda kulala mchangani, na wengi wa jamii yake huponda chaza na kaa kwa meno yaliyo mapana. Tofauti hiyo, ambayo mtoto wa mvuvi huijua kabla hajajua kusoma, iliwatatiza wataalamu karibu miaka mia mbili katika habari ya samaki mmoja wa kale.

Samaki huyo ni Ptychodus, jina alilopewa na Mswisi Louis Agassiz katika miaka ya 1830, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, "kunjo" na "jino". Jina limesadifu. Kila jino ni pana na zito, lina matuta juu yake kama kitambaa kilichokunjwa, na mamia ya meno hayo yalipangwa kinywani safu kwa safu, mfano wa mawe ya sakafu. Visukuku vyake huokotwa katika miamba ya chokaa ya Uingereza na ya Kansas, Marekani, palipokuwa bahari katika enzi ya Kretasia. Naye alitoweka yapata miaka milioni 76 iliyopita, mbele ya dinosaria wa mwisho.

Kiunzi cha papa ni gegedu, nayo huoza upesi, jino hudumu. Kwa hiyo wataalamu walibaki na kinywa kisicho na mwili. Wengine wakasema: aliyeponda makombe kama taa, bila shaka ni wa ukoo wa taa. Wengine wakamtia katika papa wa zamani zaidi waitwao hibodonti. Wakamchora akijikokota taratibu sakafuni mwa bahari.

Mwaka 2024 Romain Vullo na wenzake walieleza viunzi kamili vilivyochimbwa Vallecillo, Meksiko, ambavyo hata umbo la mwili limehifadhika. Kumbe alikuwa papa mwenye mbio, wa oda moja na papa mweupe wa leo, na yamkini aliwinda amoniti na kasa katika maji ya wazi.

Sisi watu wa lugha hatuna haki ya kucheka. Jino ni chombo cha kazi, na wafanyao kazi moja hufanana vyombo ingawa hawakuzaliwa pamoja. Wako waliohesabu maneno ya Kiarabu katika Kiswahili, wakakata shauri juu ya uzao wake, bila kutazama ngeli na viambishi vya kitenzi, ambavyo ndivyo kiunzi chake cha Kibantu. Mfano huu, nakiri, haulingani kila upande: neno huazimwa, jino haliazimwi.

Limebaki jina la Kiswahili. Kumwita "taa wa kale" ni kulitia kosa ndani ya neno, na kosa likishaingia katika kamusi ni shida kulitoa. "Papa mvunja makombe" ni maelezo zaidi kuliko jina, tena makombe huenda hayakuwa chakula chake pekee. Mimi napendelea "papa magego": neno la kwanza lataja ukoo, la pili lataja meno, na hakuna linaloingilia kazi ya mwenzake.