Jumba la Binti Salme: Kukarabati Historia pasipo Kuificha

Mwendo mfupi kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, upande wa bahari wa barabara iendayo Bububu, yamesimama magofu ya Beit el-Mtoni. Wengi wetu tumepita hapo kwa daladala mara nyingi pasipo kugeuza shingo. Hata hivyo, magofu hayo ni ya jumba la kale kuliko majumba yote ya kifalme yaliyosalia kisiwani Unguja. Sayyid Said bin Sultan alianza kulijenga mwaka 1828, na humo, mwaka 1844, alizaliwa binti yake Salme, ambaye baadaye aliandika kitabu kilichomfanya ajulikane ulimwenguni kwa jina la Emily Ruete.

Tunapenda kueleza hapa jinsi nyumba ya namna hii inavyochunguzwa na kukarabatiwa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi waamini. Hoja yetu ni moja: kukarabati nyumba ya kale ni kutoa ushuhuda, na shahidi haruhusiwi kuchagua sehemu ya ukweli inayompendeza.

Mwandishi na kitabu chake

Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa na kuwa suria wa Sayyid Said. Salme aliishi Mtoni hadi alipofikia umri wa takriban miaka saba, akahamia mjini pamoja na mama yake katika nyumba ya kaka yake Majid. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu; yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiiga maandishi ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, alitumiwa kuwa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki dunia kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo. Ni katika ugeni na upweke huo ndipo alipoandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zikachapishwa Berlin mwaka 1886.

Kitabu hicho ndicho hazina ya kwanza ya mtafiti wa Beit el-Mtoni. Kinaeleza kijito kilicholipa jumba jina lake, ua mpana ambamo tausi, swala na mbuni walitembea huru, safu ya vyumba vya kuogea, na ukumbi wa mbao wa mviringo ulioelekea bahari, ambamo baba yake alizoea kutembea huku na huko, kichwa kimeinama, akiwaza.

Uchunguzi hutangulia ujenzi

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha Nehemia akizunguka usiku kuzikagua kuta za Yerusalemu zilizobomoka kabla hajawaambia watu waanze kujenga. Wahifadhi wa majengo hufuata hekima hiyo hiyo. Hawaanzi na mchanga na kokoto. Huanza na maswali.

Kitabu cha Salme hakiwezi kujibu maswali yote. Aliandika miaka mingi baada ya kuondoka, na mengi aliyosimulia kuhusu Mtoni aliyaona kwa macho ya mtoto, ambaye kwake kila ua ni mkubwa na kila mti ni mrefu. Kwa hiyo maneno yake hupimwa kwa mashahidi wengine: picha na michoro ya wasafiri, masimulizi ya wenyeji, na zaidi ya yote kuta zenyewe. Mashimo yaliyopangwa kwa mstari ukutani yanaonyesha mahali boriti za mikoko zilipolala, na hivyo urefu wa kila ghorofa. Na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya nyumba za kale za Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu mita tatu. Tabaka za lipu nazo husimulia: kila mkono uliopita umeacha alama yake.

Ukumbi ule wa mbao haupo tena. Je, ujengwe upya? Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huufuata, unafundisha kwamba kazi ya kurejesha jengo inapaswa kukoma pale ambapo ushahidi umekwisha na kubuni kumeanza. Palipo na ushahidi, rejesha; pasipo na ushahidi, acha wazi, na mgeni aambiwe hivyo.

Chokaa na saruji

Kosa linaloharibu nyumba nyingi za kale hufanywa kwa nia njema kabisa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Mawe hayo hunyonya unyevu wa ardhi na wa mvua, na chokaa huuruhusu utoke polepole. Fundi anapozifunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya ndani, mawe humung'unyika, boriti huoza kichwani pale zilipoingia ukutani. Kwa nje nyumba hung'aa, ndani inakufa.

Ukarabati sahihi unadai chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae kwa muda mrefu, pamoja na mafundi waashi wanaoijua. Kazi hiyo ni ya polepole na ina gharama. Lakini kuchelewa nako kuna gharama kubwa zaidi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020, sikukuu ya Noeli, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jengo hilo likiwa katika ukarabati, na watu walipoteza maisha. Hatuhesabu mawe tu tunapozungumzia uhifadhi.

Beit el-Mtoni lenyewe liliachwa mapema. Salme aliporudi Unguja kwa ziara mwaka 1885 alilikuta tayari limechakaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake iligeuzwa ghala. Mwanzoni mwa karne hii ndipo juhudi za kuyasafisha magofu, kuziimarisha kuta na kuvihifadhi vyumba vya kuogea zilipofanyika, na ua ule ukasikia tena muziki na sauti za wageni.

Walioishi bila kuandika

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa kuliko wa chokaa. Kwa makadirio ya Salme, jumba lilikuwa na wakazi wapatao 1,000. Wengi wao walikuwa watumwa: waliochota maji, waliopika, waliolea watoto wa Sultani. Utajiri uliolisha jumba ulitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Hao hawakuacha kitabu.

Salme, ingawa alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa, aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki katika kitabu chake, na aliwazungumzia Waafrika kwa maneno ya dharau. Mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake mwaka 2019. Mwaka uliofuata, maneno hayo yalipojadiliwa, jina hilo likaondolewa.

Tufanye nini basi na nyumba yake? Wapo wanaopendelea wageni wasimuliwe habari ya mapenzi tu: binti mfalme, mgeni kutoka ng'ambo, meli ya usiku. Wapo pia wanaoona heri magofu yaachwe yaanguke. Sisi tunaona njia zote mbili zinawafuta watu wale wale. Hadithi tamu inawasahau watumwa, na jumba likianguka, ushahidi wa kazi ya mikono yao unakwenda nalo. Heri jumba lisimame, na mlangoni mwake waelezwe wote: Sultani, binti yake mwenye kipaji na mwenye upofu, mama yake aliyenunuliwa, na wale wasio na majina.

Wajibu wetu

Tusiseme haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Wamisionari wetu wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863, enzi za Sultani Majid, waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, na wengi wa waliokombolewa walikuwa watoto. Walilelewa na kusomeshwa, lakini pia walifanya kazi katika mashamba ya misioni chini ya nidhamu kali. Hiyo nayo ni historia yetu, yenye neema na yenye maswali.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba urithi wa historia na utamaduni ni sehemu ya nyumba yetu ya pamoja, nao uko hatarini kama ulivyo urithi wa maumbile. Basi kamati ya ujenzi ya parokia, kabla ya kubomoa nyumba ya zamani ya misioni au kuipiga lipu ya saruji, imwite kwanza mtaalamu wa mambo ya kale. Wazee wasikilizwe na masimulizi yao yaandikwe wangali hai. Vitabu vya ubatizo vya zamani vilindwe na mchwa na unyevu, kwa maana humo, pengine mahali pekee duniani, limeandikwa jina la mtoto aliyeuzwa.

Salme alifariki mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, akazikwa Hamburg. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja, alichokitunza miaka yote. Yeye alikuwa na mchanga, na tena na kalamu. Wengi waliouchota mchanga huo kujenga nyumba ya baba yake hawakupata hata kimoja. Siku utakapopita tena Mtoni, ndugu msomaji, geuza shingo, uwaombee wote.