Ufa wa kiwiko cha mtoto: picha moja haitoshi

Watoto wa Goma hucheza juu ya mawe ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, wengine wakidandia chukudu (skuta za mbao) zenye mizigo. Anayeanguka hutanguliza mkono, na kishindo huishia kiwikoni. Daktari ana maswali mawili: je, mfupa umevunjika? Na kama umevunjika, utatulia ndani ya plasta au utahama?

Majibu hutafutwa kwenye eksirei. Ugumu wake ni kwamba kiwiko cha mtoto mdogo kwa sehemu kubwa bado ni gegedu, na gegedu halionekani kwenye picha. Karibu na umri wa mwaka mmoja huonekana kitone kimoja tu cha mfupa kiwikoni. Vingine hujitokeza kidogo kidogo mpaka karibu miaka 11.

Kwenye picha ya ubavuni, daktari huchora mstari kufuata ukingo wa mbele wa mfupa wa mkono wa juu. Kwa kawaida mstari huo hukata kitone kile cha kwanza katikati. Ukipita mbele yake, mfupa umevunjika na kupinda nyuma. Mwaka 1959, daktari Gartland wa Marekani aliyagawa mavunjiko ya juu ya kiwiko katika makundi matatu: lisilohama, lililopinda huku upande wa nyuma ukiwa bado umeshikana, na lililoachana kabisa. Kwa la kwanza, plasta hutosha. La tatu kwa kawaida hurudishwa mahali pake na kushikizwa kwa pini.

Pengine ufa hauonekani, ila kivuli cheusi cha mafuta kimejitokeza nyuma ya kiwiko. Hiyo ni dalili ya damu ndani ya kiungo, na mtoto hutibiwa kama aliyevunjika.

Unaodanganya zaidi ni ufa wa upande wa nje. Waweza kuonekana mwembamba kama uzi, kumbe umepasua gegedu mpaka ndani ya kiungo, na misuli ya mkono inakivuta kipande kila siku. Pengo lisilofika milimita 2 huhesabiwa kuwa limetulia, lakini picha za mbele na ubavuni huweza kulificha. Ndiyo maana hupigwa ya tatu, mkono ukigeuzwa kidogo kwa ndani, kisha picha hurudiwa baada ya wiki hivi. Kipande kikihama bila kugunduliwa, mfupa waweza kukataa kuunga na kiwiko kikapinda.

Goma ina hospitali zenye upasuaji wa mifupa, ikiwemo HEAL Africa iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi. Mzazi, usikubali kiwiko kivutwe wala kukandwa kabla ya picha. Vidole vikipoa, vikififia au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, mrudishe mtoto saa hiyohiyo, hata usiku. Na miadi ya picha ya marudio usiikose, hata kama mtoto ameshaanza kucheza.